Kiti cha Langoni: Kumkumbuka Etta Harberts wa Makaburi ya Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi kutoka hapa Holtrop. Mahindi yamefika magotini, mvua ya jana imewafaa wengine na kuwaudhi wengine, na bei za nafaka mmeshazisikia kwa mwenzangu. Mimi nina jambo moja tu leo. Leo tunamkumbuka Etta Harberts.

Etta Harberts, aliyezaliwa Saathoff, alifariki mwezi Aprili akiwa na miaka themanini na mitatu. Alifia jikoni kwake, kwenye kiti, birika likiwa bado la moto. Amezikwa Jumamosi iliyopita.

Najua mnachojiuliza. Mmekiuliza dukani, mmekiuliza kwenye maghala ya nafaka, na wengine mmenipigia simu nyumbani nikiwa nakula. Mtu afe Aprili, azikwe Juni, kulikoni? Wengine mmesema binti yake alikuwa anasubiri nauli za ndugu wa California. Wengine mmesema waligombana juu ya shamba. Hakuna aliyegombana na hakuna aliyesubiri nauli. Lilisubiriwa ua. Kaeni niwasimulie.

Tuanze na mama yake. Mama yake Etta aliitwa Talea Saathoff. Alifariki mwaka arobaini na sita, Etta akiwa na miaka minne, akazikwa Makaburi ya Mlimani, pale juu ya barabara ya changarawe, penye mierezi. Mumewe alinunua nafasi mbili, ya Talea na yake mwenyewe. Lakini mume alioa tena, akahamia mjini, na alipokufa akalazwa mjini na mke wa pili. Kuhusu huyo mke wa pili sitasema kitu, maana wajukuu zake wananisikiliza na wawili ni wadhamini wa kipindi. La muhimu ni hili: kando ya Talea ilibaki nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo Etta aliyoitaka. Tangu akiwa msichana alisema atalala pale. Hakubadili neno hilo maisha yake yote.

Etta alikuwa na kumbukumbu moja tu ya kaburi la mama yake, maana baba alihama naye mjini na hakumrudisha tena kilimani. Moja. Alikumbuka Siku ya Maua, ile Jumatatu ya mwisho ya Mei tunapokwenda wote kupamba makaburi, na shangazi yake amemshika mkono. Mbele ya jiwe pameota peoni, lile ua kubwa la mviringo lenye petali nyingi. Nyie mnajua, hapa kila kaburi la zamani lilipandwa peoni mbele ya jiwe, na karibu zote ni za rangi ya waridi. Ya Talea ilikuwa nyeupe, na katikati ina matone mekundu, kama mtu aliyejikata kidole akaligusa ua. Talea aliitoa kwa mama yake mzazi, na alipokufa ikahamishiwa kaburini kwake. Etta, mtoto mdogo bado, alidhani ni damu kweli. Akalamba kidole chake akijaribu kuifuta. Shangazi akamwambia, "Acha, hiyo haitoki. Ndivyo lilivyo."

Basi. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe, peoni nyeupe yenye matone mekundu. Mlishike hilo.

Sasa tuje mwaka sabini na moja. Etta ameshaolewa na Menno Harberts, ndiyo kwanza amerudi kuishi huku. Menno alikuwa mtu mwema, mtu wa kamati. Kila kamati ya kata hii Menno alikuwemo. Na mwaka huo kamati ya makaburi ilikuwa imenunua mashine mpya ya kukata nyasi, pana, ya kukalia. Mashine haikupenda mawe. Kila jiwe ilibidi uzunguke, urudi nyuma, uzunguke tena, kisha ushuke umalizie kwa mundu. Sisi watu wa huku tunavumilia mengi, lakini nyasi ndefu hatuzivumilii. Mtu anaweza kuwa na deni, anaweza kuwa hasalimiani na kaka yake, lakini uwanja wake utakuwa umekatwa.

Wanaume wakakata shauri Jumamosi moja. Wakaja na trekta na mnyororo. Wakang'oa kila jiwe la sehemu ya zamani, wakayapanga yote kandokando ya uzio, mstari mmoja ulionyooka. Waliyatia saruji yasianguke. Walifanya kazi nzuri sana. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Etta aliwaletea chakula cha mchana. Mikate ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, chai kwenye chupa mbili. Alifungua lango akakuta kilima kitupu, na mawe yamesimama uzioni kama watoto mstarini shuleni. Menno akamjia akijifuta jasho, amefurahi.

"Unaonaje, mke wangu? Sasa mashine inapita moja kwa moja."

Etta akamimina chai. Akawapa wote, mmoja mmoja. Alipofika kwa mumewe akauliza, "Menno, mama yangu umemweka wapi?"

Menno akanyoosha kidole uzioni. "Yule pale. Wa sita kutoka kwenye nguzo."

"Hilo ni jiwe," Etta akasema. "Nimekuuliza mama."

Menno alisimama na kikombe mkononi. Aliangalia kilima. Hakujua, na wenzake hawakujua. Ramani haikuwahi kuwepo, jiwe lenyewe ndilo lilikuwa ramani. Habari hii aliniambia Menno mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwenye harusi, alipokuwa ameshakunywa bia mbili. Alisema, "Pale ndipo nilipojua nimefanya ujinga mbele ya watu, na ujinga wenyewe umenyooka kama rula."

Menno alifariki kabla yake. Yeye amezikwa makaburi mapya ya mjini. Etta alimwambia wazi akiwa hai, "Wewe lala huko na kamati yako. Mimi naenda kwa mama." Wakacheka wote wawili. Walipendana, msije mkaenda kusema vingine.

Wasikilizaji wapendwa, miaka mitatu iliyopita moyo wa Etta ulianza kusumbua. Daktari alimwambia apange mambo yake. Etta akaenda kwa halmashauri ya kata kuomba nafasi yake kando ya Talea. Halmashauri ni watu watatu, mnawajua. Hawakumkatalia. Walisema: nafasi ni yako, lakini hatuchimbi pale kwa kubahatisha tukamfukua mtu mwingine. Tuonyeshe mama yako alipo, tutachimba.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Akijua mama yake alipo, atalala naye. Asipojua, atalala mjini.

Watu walijitolea kusaidia, msiwaone hivi. Shemeji yake alikuja na nyaya mbili za kutundikia nguo, amezikunja, anatembea nazo ameshika mbele. Mnaifahamu hiyo, eti nyaya zikikutana chini pana kaburi. Zilikutana juu ya kilima. Zilikutana barabarani. Zilikutana kwenye gari lake. Etta akamwambia, "Shemeji, kwa hesabu ya hizo nyaya, Holtrop yote imelala chini yako. Njoo unywe chai."

Etta mwenyewe alikuwa na wazo lake. Peoni ina mizizi minene kama mihogo, na haifi upesi. Unaikata shingo kila Mei, nayo kila Aprili inachungulia tena. Etta aliona machipukizi mekundu mle nyasini, membamba kama vidole vya mtoto, kabla mashine haijaanza kazi. Aliyaona sehemu kadhaa. Kila mahali penye chipukizi paliwahi kuwa na jiwe, na chini yake mtu. Ila chipukizi halisemi ni la ua gani. Lazima lichanue. Na peoni iliyokatwakatwa miaka hamsini haitachanua ukiiacha mwaka mmoja. Inataka misimu mitatu.

Mkata nyasi wetu ni Delbert Eilers. Ndiye pia mchimba makaburi. Delbert ana miaka sitini na nane, na Etta alimfundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo alimwita mwanangu mpaka mwisho. Wakakutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kwenye mkutano, sote tukiwa tumejaa kama tumeitiwa karamu. Na kusema kweli keki ilikuwepo.

"Delbert mwanangu," Etta akasema, "naomba usikate nyasi pale kilimani misimu mitatu."

"Bi Etta, misimu mitatu? Siku ya Maua watu wanakuja kutoka Minneapolis, wanakuja kutoka Des Moines, wakute nyasi za kiunoni? Watasema Holtrop imekufa."

"Pale kuna makaburi, mwanangu. Tayari wanajua kuna waliokufa."

Watu wakacheka, Delbert akawa mwekundu. Akasimama na kusema maneno ambayo nadhani aliyajutia kabla hajakaa. "Sikiliza. Mimi nakata Alhamisi. Kila Alhamisi. Nitakachokiacha ni kiti chenye mtu. Kiti chenye mtu sitakipitia. Kilichobaki ni halali yangu."

Alidhani amemaliza mjadala. Etta akauliza, "Viti vyovyote?"

Alhamisi iliyofuata Etta alibeba viti vya kukunja vya kanisa, akavipanga kilimani, kila kiti juu ya chipukizi lake. Cha kwake mwenyewe alikiweka chini ya mwerezi mkubwa, maana alikumbuka kivuli cha siku ile na shangazi. Alisema mama yuko hapo, ana hakika. Tatizo lilikuwa kuvijaza viti. Akanipigia simu, nami nikatangaza hapahapa. Mlikuja, wasikilizaji wapendwa. Mlikuja na watoto, mlikuja na umbea. Mimi mwenyewe nilikalia kiti cha karibu na uzio, na habari nilizozisikia pale Alhamisi moja zilinitosha mwezi mzima. Etta alipita na birika. Chai yetu ya nyumbani, nzito, sukari ya mawe chini, krimu juu, na haikorogwi.

Delbert akaja na mashine. Alhamisi ya kwanza hakuzima injini. Alikata akituzunguka kiti kwa kiti, karibu kabisa, vipande vya nyasi vikaruka mpaka kwenye vikombe. Etta akachungulia kikombe chake. "Wengine huweka mnanaa," akasema.

Alhamisi ya pili alizima injini, kwa sababu Etta alisimama mbele yake na kikombe, na mtu wa hapa hawezi kukataa chai. Na mkishaanza ni vikombe vitatu. Chini ya vitatu ni matusi. Delbert akavinywa vitatu amesimama, kila kimoja akakikoroga kwa makusudi, kling, kling, kling, akimtazama usoni.

"Nani alikulea wewe?" Etta akamuuliza.

"Nusu ni wewe."

Alhamisi ya tatu alileta kiti chake mwenyewe kutoka kwenye gari. Hakukaa nasi. Alikiweka langoni. Alisema anakaa langoni ili akimaliza vikombe vyake aondoke haraka. Hakuondoka haraka. Tangu siku hiyo hicho ndicho kilikuwa kiti chake, kiti cha langoni.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, msimu wa kwanza na msimu wa pili. Kila Alhamisi viti, chai, umbea, kisha Delbert anakata kutuzunguka. Kilima kilikuwa kimenyolewa safi, na humo ndani visiwa vya nyasi ndefu. Wageni wa Siku ya Maua walikuja wakauliza, tukawakalisha. Msimu wa pili peoni zilitoa majani mapana. Maua hakuna.

Msimu wa tatu Etta hakuuona. Alifariki Aprili, machipukizi yakiwa yametoka tu. Binti yake, Joleen, alikuja kutoka Des Moines. Aliniruhusu niseme haya. Mama yake alikuwa amemwambia mapema: nichome, uniweke kabatini, na usinizike mpaka ichanue. Isipochanua nipeleke mjini kwa baba yako, nitamsikiliza na kamati yake.

Kwa hiyo Joleen akaweka majivu ya mama yake kwenye kabati la vioo, kati ya birika na vikombe. Akaturudishia Alhamisi. Tukaenda, vilevile, tukakaa vilevile. Kiti cha chini ya mwerezi alikalia yeye.

Wiki ya mwisho ya Mei vitumba vikaanza kufunguka. Kile cha chini ya mwerezi, pale ambapo Etta alikaa misimu miwili akiwa na hakika, kilitangulia. Waridi. Waridi tupu, hata doa moja hakuna. Joleen alikitazama, akaenda kuwamiminia watu chai. Kiti kilichofuata, waridi. Cha karibu na uzio, waridi. Siku mbili baadaye vyote vimefunguka, vyote waridi. Tulishaanza kuzungumza habari za mjini, kwa sauti ndogo, kama watu wanaozungumzia basi.

Jumatano asubuhi simu ya Joleen ikalia. Alikuwa Delbert.

"Njoo kilimani," akamwambia. "Usivae viatu vizuri, kuna umande."

Joleen alimkuta amesimama langoni na kofia mkononi. Kiti chake kilikuwa kimekunjwa, kimeegemezwa kwenye nguzo. Pale kilipokuwa, hatua moja kutoka langoni, mahali sote tulipopita na birika na watoto na sahani za keki, palikuwa na kichaka kidogo cha peoni. Ua moja. Jeupe, na katikati matone mekundu.

Joleen akauliza, "Hii ilianza lini?"

"Msimu wa kwanza. Nilikaa, nikaona kitu chekundu kando ya mguu wa kiti. Nikasogeza kiti."

"Na hukumwambia?"

"Yeye alikuwa na hakika na mwerezi. Na kama ingekuwa ya waridi kama nyingine? Moyo wake haukuwa wa kuchezewa." Akakohoa. "Kwa hiyo nikawa nakaa tu. Watu wasiikanyage."

Misimu miwili, wasikilizaji wapendwa. Delbert Eilers alikaa langoni misimu miwili, sisi tukisema anakaa pale kwa kiburi. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, na nililisema redioni.

Halmashauri haikutosheka na ua peke yake. Delbert akachoma ardhi kwa fimbo yake ya chuma, ikagonga kitu. Akafukua kwa mikono, polepole, asiguse mzizi. Ilikuwa sehemu ya chini ya jiwe, iliyovunjika mnyororo ulipovuta mwaka ule wa sabini na moja. Wakaenda uzioni, jiwe la sita kutoka kwenye nguzo, wakavunja saruji ya Menno, wakalileta jiwe la Talea Saathoff likiwa kwenye toroli. Likakaa juu ya kipande chake kama jino. Mmoja wa halmashauri alivua miwani akaifuta. Wakasema haya, chimbeni.

Kando ya Talea, upande wa kulia, fimbo ilizama bila kugonga chochote. Ile nafasi ilikuwa bado tupu.

Etta Harberts alizikwa hapo Jumamosi. Kaburi la majivu ni dogo, lakini Delbert alilichimba kwa saa nyingi na hakutumia mashine. Baada ya sala tulikunywa chai palepale. Delbert aliikoroga yake, kling, kling, kling. Hakuna aliyemkaripia, na ilionekana kama anasubiri akaripiwe.

Kwa Joleen, kwa ndugu wa Harberts na ndugu wa Saathoff, kituo hiki kinawapa pole, na mimi nawapa yangu. Mmempoteza mtu aliyejua kujaza viti. Holtrop pia imempoteza.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirieni jambo moja mkiwa kazini leo. Kila mmoja wetu ana mahali alipopanyoosha ili mashine ipite. Nendeni mkatazame kilichokuwa pale kabla hamjapanyoosha. Huenda bado kinachipua.

Kesho ni Alhamisi. Delbert ameniomba nitangaze kwamba nyasi za Makaburi ya Mlimani zitakatwa kama kawaida. Ameniomba niongeze kwamba anayetaka kisiwa chake kibaki aje na kiti, na aje na mtu wa kukikalia. Chai ipo. Langoni pameshachukuliwa.